Mawe ya Kambodia yanasema luga mbili

Vitabu vya wakati wa wafalme wa Angkor havikubaki hata kimoja. Waliandika juu ya majani ya mitende. Joto, maji na wadudu vikamaliza yote. Kilichobaki ni mawe.

Lakini angalieni vizuri. Kwa Kisanskriti, mawe yale yanabeba mashairi ya kusifu miungu na wafalme. Kwa Kikhmer, mara nyingi ni hesabu: mashamba, mchele, majina ya watumwa wa hekalu. Jiwe la Angkor Borei la mwaka 611, la zamani kuliko yote ya Kikhmer yenye tarehe, ni orodha ya watumwa waliotolewa kwa miungu.

Mfaransa George Cœdès alitoa maandishi hayo katika vitabu 8, kati ya 1937 na 1966. Kisha Saveros Pou, mama wa Kambodia kwenyewe, akasoma pande zote: mawe, na Reamker, ile Ramayana ya Wakhmer. Akaandika na diksionere ya Kikhmer cha zamani.

Njo maana mwanafunzi wa fasihi asiruke zile orodha: luga ya Reamker ilianza kuandikwa pale, kwa majina ya watumwa. Nyinyi munaonaje, orodha kama ile ni fasihi ama hapana?