Kutoka spika ya Adrian hadi gigabaiti 80 kwa saa

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuzungumzie ubongo, ingawa mtaona kwamba programu zitatufuata huko huko.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme. Seli ikichangamka hutoa mpigo mdogo wa umeme unaodumu kama milisekunde moja hivi. Je, utaunasaje mpigo huo, na utasikiliza seli ngapi kwa pamoja?

Katika miaka ya 1920, Edgar Adrian wa Cambridge, Uingereza, alikuza ishara za neva kwa kutumia vali, zile zile za redio za zamani. Siku moja aliunganisha neva ya jicho la chura na amplifaya yenye spika. Chumba kilikuwa karibu giza tupu. Spika ikawa inakoroma, naye asijue kwa nini, mpaka alipolinganisha kelele hizo na miondoko yake mwenyewe. Kumbe jicho la chura lilikuwa likimwona! Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington.

Mwaka 1939 Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza elektrodi ndani ya uzi mnene wa neva ya ngisi, wenye unene wa karibu nusu milimita. Baadaye walipotaka kukokotoa milinganyo yao, tarakilishi ya Cambridge ilikuwa imezimwa kwa miezi kadhaa ikifanyiwa marekebisho. Huxley hakungoja. Alikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono! Milinganyo hiyo ilichapishwa 1952 na hutumika hadi leo.

Mwaka 1957 David Hubel alieleza elektrodi yake ya tangsteni, nyembamba lakini imara ya kutosha kupenya ubongo wa paka. Kwa elektrodi za aina hiyo, yeye na Torsten Wiesel waligundua kwamba baadhi ya seli za kuona hazijali nukta, bali huchangamkia mistari. Lakini walisikiliza seli moja baada ya nyingine.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusokota nyaya nne pamoja. Kila waya husikia seli ile ile kwa nguvu tofauti kidogo, hivyo tarakilishi inaweza kutenganisha seli zilizo jirani. Mwaka 1993 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walinasa seli kati ya 73 na 148 za panya kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 Ian Stevenson na Konrad Kording walikadiria kwamba idadi ya seli zinazonaswa kwa pamoja huongezeka maradufu kila baada ya miaka 7 hivi.

Kisha mwaka 2017 ikatangazwa Neuropixels, sindano ya silikoni yenye upana wa mikromita 70 na vituo 960 vya kusikilizia, 384 kati yake vikifanya kazi kwa mara moja. Sasa piga hesabu nami: njia 384, vipimo 30,000 kwa sekunde, baiti 2 kila kipimo. Hiyo ni megabaiti 23 kwa sekunde, zaidi ya gigabaiti 80 kwa saa. Na ni sindano moja tu!

Hakuna mtu anayeweza kusikiliza hayo yote kwa spika. Programu ndiyo inayoamua mpigo huu ni wa seli ipi. Hapo ndipo pana shida. Mwaka 2020 watafiti wa mradi wa SpikeInterface walizipa programu mbalimbali rekodi ile ile, na programu zote zikakubaliana kuhusu sehemu ndogo tu ya seli. Seli ambayo imebuniwa na hitilafu ya programu inaweza kuingia katika matokeo ya utafiti kama seli halisi.

Ndiyo maana mimi humkumbuka Adrian na chura wake. Alisikia kelele, akatembea, akasikiliza tena. Sisi waandishi wa programu tunaiita kazi hiyo majaribio. Vifaa vimekua mno, lakini kazi hiyo haijaondoka. Imehamia mikononi mwetu.