Nilikuwa Naandika Majina: Shule Yetu ni ya Kanisa ama ya Serikali?

Leo tuongee kuhusu dini shuleni, na nitaanza na kitu ambacho sijivunii.

2018 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni ya umma, huku kwetu upande wa Sotik. Shule yenyewe sitaitaja. Nilikuwa kiranja wa ibada. Kazi yangu ilikuwa ni daftari na kalamu: kila kipindi cha lazima napita, naandika majina ya waliokosa, halafu napeleka ofisini. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jamaa niliyekaa naye deski moja alitoka ng'ambo ya mpaka. Ukitoka Sotik mjini ukapita Chebilat, uko Nyamira tayari. Alikuwa Msabato. Jumapili aliingia ibada ya kanisa lililodhamini shule, akakaa, akasikiza, bila shida. Lakini Jumamosi tulikuwa na maombi ya asubuhi na baada yake masomo, na hapo hakuingia. Kwa hivyo kila Jumamosi niliandika jina lake, na kila Jumatatu alifyeka nyasi nyuma ya bwalo tukiwa darasani. Mwishowe aliambiwa alete mzazi.

Mama yake alikuja. Ni mchuma chai, na siku hiyo aliacha kazi, kumaanisha siku hiyo hakulipwa. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi na daftari langu wakati aliambiwa, "Mama, hii ni shule ya kanisa." Akajibu kwa upole, "Mimi nilidhani ni ya serikali."

Hakuna aliyemjibu. Muhula uliofuata jamaa alihamia shule ya kutwa karibu na kwao.

Hilo swali la mama yake limenikaa kichwani miaka yote hii. Shule ni ya nani? Nimetafuta jibu, na jibu liko kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya wazungu, Wakipsigis walikuwa na elimu na walikuwa na dini, na hivyo viwili havikutenganishwa. Kijana alifundishwa wakati wa tumdo, akiwa amejitenga na wenzake, na Asis alikuwa ndani ya mafundisho hayo. Kwa hivyo msidanganywe ati dini iliingia elimu na wamisheni. Wamisheni walikuja na dini nyingine na elimu ya aina nyingine.

Walikuja wakati mbaya pia. 1905 jeshi la Waingereza lilishambulia watu wa Sotik, likaua wengi na kuswaga mifugo. Kisha ardhi ikaanza kwenda kwa walowezi, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa zikaanza kupanda ile chai ambayo nyinyi mnaisimamia mkipiga picha za wikendi. Wakati huo huo misheni zilikuwa zinafungua vituo. Willis Hotchkiss, Mquaker wa Marekani, alianzisha misheni ya ufundi Lumbwa. Africa Inland Mission wakaweka kituo Litein. Tenwek, ambayo leo mnaijua kama hospitali, ilianza kama misheni miaka ya 1930, na huko ndiko Africa Gospel Church ilikotoka. Wakatoliki nao wako Kaplong, hapo tu kwa jirani.

Sasa, serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kusomesha Mwafrika. Misheni zilikuwa na haraka, juu bila kusoma huwezi kusoma Biblia. Kwa hivyo wakagawana kazi: kanisa lijenge na lifundishe, serikali itoe ruzuku kidogo na ikague. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki 1924, iliupa mpango huo baraka. Hivyo ndivyo kwa wazee wetu shule na kanisa vilikuwa mlango mmoja. Ukitaka kujua kuandika jina lako, unabatizwa njiani.

Lakini si wote waliridhika. Kabianga ilianza 1925 kama shule ya serikali, si ya misheni, hapa hapa kwenye chai. Na kule Ukikuyuni mambo yalichemka zaidi. 1929 makanisa yalipopiga marufuku ukeketaji na kudai wafuasi wakubali, wazazi wengi walitoa watoto wao na kujenga shule zao, zile za KISA na Karing'a. Unaweza kupinga kabisa kile walichokuwa wanatetea, mimi napinga, lakini hoja yao kuhusu shule ilieleweka: tunataka elimu ambayo haitufungii nje kwa sababu ya imani na mila. Serikali ilifunga nyingi ya shule hizo wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950.

Uhuru ukaja. Na hapa ndipo nilishangaa kusoma. Katiba ya uhuru ya 1963 ilisema kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kupokea mafundisho ya dini wala kuhudhuria ibada ya dini isiyo yake, bila ridhaa yake au ya mzazi. 1963! Mwaka uliofuata Tume ya Ominde ikasema Jamhuri haina dini, na somo la dini lifundishwe kama masomo mengine, si kama njia ya kuvuta watu kanisani.

Makanisa yalikuwa na wasiwasi, na kusema kweli walikuwa na haki ya kuwa nao. Walijenga kwa mikono na sadaka. Kwa hivyo Sheria ya Elimu ya 1968 ikaleta suluhu ya kati: serikali inachukua shule na mishahara, lakini kanisa linabaki kama mdhamini, na desturi za kidini za shule ziheshimiwe. Sheria hiyo hiyo, soma vizuri, ikasema mzazi akiomba mtoto wake asihudhurie ibada au mafundisho ya dini, lazima aruhusiwe.

Kwa hivyo ule ubao wa shule wenye jina la kanisa juu na Wizara ya Elimu chini si makosa ya mchoraji. Ni makubaliano ya 1968. Shule ni ya serikali, kanisa ni mdhamini, na mtoto ana haki ya kusema hapana. Vitu vitatu. Sisi tulifundishwa viwili vya kwanza, cha tatu kikafichwa.

Na hakijawahi kufutwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi kwenye bodi ya shule na kazi ya malezi ya kiroho, hata kuleta kasisi kwa gharama yake mwenyewe, mradi alinde imani ya wengine.

Halafu kuna hii iliyoniuma. Kanisa la Wasabato lilienda kortini kuhusu masomo ya Jumamosi. Mahakama Kuu ikawakatalia. Wakakata rufaa, na Machi 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi: mwanafunzi Msabato ana haki ya kuabudu Jumamosi. Machi 2017, wasee. Mimi nilikuwa naandika majina 2018. Jamaa wa deski yangu alikuwa anafyeka nyasi huku korti ya nchi yake tayari imesema ana haki.

Sijui nani alipaswa kutuambia. Najua tu kwamba hakuna aliyetuambia, na mimi sikuuliza.

Kuna watu watasoma hii waseme suluhu ni kutoa dini yote shuleni. Mimi sikubaliani. CU ilinishika mkono kidato cha kwanza nikiwa nalia usiku nataka kurudi nyumbani. Kuna wanafunzi ambao mtu mzima wa pekee aliyewahi kuwauliza "uko sawa?" alikuwa padri au mchungaji. Na ukiondoa dini kwa nguvu unaweza kuumiza watu wale wale. Ufaransa 2004 ilikataza alama za wazi za dini katika shule za umma, na wasichana wengi wa Kiislamu wakajikuta wachague hijabu ama darasa. Hapa kwetu, wasichana wa St Paul's Kiwanjani, Isiolo, walipitia kitu karibu na hicho, ila huko mdhamini alikuwa kanisa la Methodisti. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 ilitupa uamuzi uliowaruhusu kuvaa hijabu, zaidi kwa sababu za utaratibu wa kesi.

Na wengine watasema, "Kanisa lilijenga, atakayesoma hapo afuate." Nawaelewa. Lakini walimu wanalipwa na ushuru, na mama yule mchuma chai analipa ushuru kila akinunua sukari. Kushukuru kanisa kwa kujenga ni vizuri. Kulilipa kwa dhamiri ya mtoto wa mwingine, hapana.

Maoni yangu ni haya: Maombi yawepo, kipindi cha kasisi kiwepo, Siku ya Maombi kabla ya KCSE iwepo. Lakini mlango uwe wazi, na mwanafunzi aambiwe siku ya kwanza kwamba uko wazi, kwa maandishi, kwenye barua ile ile ya kujiunga inayoorodhesha godoro na ndoo. Asiyeingia apewe mahali pa kukaa na kitabu, si panga la kufyekea.

Kama bado uko shuleni na hii inakuhusu, mwambie mzazi aandike barua kwa mwalimu mkuu. Si lazima mgombane. Taja kifungu cha 32, taja uamuzi wa 2017, weka nakala.

Na kama wewe ndiye unashika daftari, kama mimi, angalia hayo majina tena kabla hujayapeleka. Mwaka jana nilimtafuta jamaa nikamwomba msamaha. Akacheka, akasema alishasahau mambo ya nyasi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Ile siku ya mama ndiyo sijasahau."