Wanawake waliobadili jinsia: Uongozi ulioanzia kwenye cheti

Mafunzo ya uongozi kwa wanawake waliobadili jinsia katika nchi za Ziwa Victoria hukwamia kwanza kwenye karatasi. Mwenye hati isiyolingana na jina lake hupata taabu kusajili chama au kuomba kazi, hata awe hodari namna gani.

Anayefahamika zaidi ni Audrey Mbugua wa Kenya, aliyesoma Chuo Kikuu cha Maseno, nje kidogo ya Kisumu, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza. Aliongoza Transgender Education and Advocacy, chama ambacho bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kukisajili. Julai 2014 Jaji George Odunga aliona huo ni ubaguzi, akaamuru kisajiliwe. Oktoba mwaka huo Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani la Kenya limpe Mbugua cheti cha sekondari chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na pengine ndiyo maana ilikuwa vigumu kuipinga: alama za mtihani hazitolewi kwa kuangalia mwanamume au mwanamke.

Tanzania njia imekuwa nyingine. Februari 2017 serikali ilisitisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi, na mwaka 2019 shirika la CHESA likafutiwa usajili. Katika vituo vya aina hiyo ndimo waelimishaji rika hujifunza kuitisha mkutano, kutunza siri za wenzao na kuzungumza na daktari bila hofu.