Kocha Akisepa: Vile Vyuo vya Marekani Husaka Kocha Mpya, na Nani Hubaki Mataani

Ukisikia "timu ya chuo" labda unafikiria wasee wa hosteli wakicheza Jumamosi mbele ya mashabiki thelathini. Sasa fikiria uwanja wa watu karibu 100,000, na kocha anayelipwa kuliko gavana yeyote wa Marekani. Hiyo ndiyo futiboli ya vyuo kule, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Kocha mkuu akitoka, msako wa mrithi wake huwa na mbio, siri na doh nyingi sana. Kuelewa vile inaenda, tuangalie Chuo Kikuu cha Alabama, Januari 2024.

Ilianzaje?

Januari 10, 2024, Nick Saban alitangaza anastaafu. Alikuwa amekaa Alabama misimu 17 na kubeba mataji 6 ya kitaifa. Ongeza lile la 2003 akiwa LSU, unapata 7. Siku 9 tu kabla ya hapo alikuwa amepigwa na Michigan kwenye nusu fainali. Kuvaa viatu vya msee kama huyo ni noma, na kila mtu alijua.

Nani hutafuta kocha?

Kazi ni ya mkurugenzi wa michezo wa chuo. Alabama alikuwa Greg Byrne. Aliwaomba wachezaji wampe saa 72 kabla ya kuamua kama wanabaki au wanahama.

Haraka ya nini? Wachezaji wa vyuo huhama kupitia mfumo unaoitwa potali ya uhamisho. Kwa sheria za wakati huo, kocha mkuu akiondoka, wachezaji wake walifunguliwa siku 30 za kujiandikisha kuhama. Vyuo vingine vilikuwa vishaanza kuwamezea mate. Kila siku bila kocha ilikuwa siku ya kupoteza mchezaji.

Kutajwa tu ni pesa

Majina yalianza kuzunguka: Dan Lanning wa Oregon, Steve Sarkisian wa Texas, Mike Norvell wa Florida State. Lanning akatoa video akisema haendi popote. Sarkisian na Norvell wakapata mikataba mipya huko huko walikokuwa.

Hapo ndipo ajenti hupata ugali wake. Kocha akitajwa mahali pengine, ajenti anaweza kurudi kwa mwajiri wa sasa na kuuliza, "Mnamtaka ama hamumtaki?" Kwa hivyo ukiona jina la kocha kwenye habari za msako, usidhani lazima anahama. Wakati mwingine ni nyongeza ya mshahara inatafutwa.

Aliyechukua kiti

Siku mbili baada ya Saban kutoka, Alabama ilimtangaza Kalen DeBoer wa Washington. Jamaa alianzia chini kabisa. Alifundisha Sioux Falls, chuo kidogo cha South Dakota, akashinda mechi 67 na kupoteza 3, na mataji 3 ya NAIA, shirika la vyuo vidogo. Washington alishinda 25 na kupoteza 3 kwa misimu miwili. Ya mwisho kati ya hizo 3 ilikuwa fainali ya kitaifa, Januari 8.

Kumtoa huko kulihitaji fidia ya dola milioni 12, karibu shilingi bilioni 1.9 kwa bei ya dola wakati huo. Mkataba wake Alabama: miaka 8, dola milioni 87.

Na hata kumfukuza kocha ni gharama. Novemba 2023, Texas A&M ilimchapa kalamu Jimbo Fisher ikijua inadaiwa zaidi ya dola milioni 75 kwa miaka iliyobaki kwenye mkataba wake. Alilipwa asifanye kazi, maze.

Shimo moja, mashimo manne

Kiti kimoja kikijazwa, kingine kinabaki wazi. Ona:

- Alabama ilichukua kocha wa Washington, Kalen DeBoer.
- Washington ikachukua kocha wa Arizona, Jedd Fisch.
- Arizona ikachukua kocha wa San Jose State, Brent Brennan.
- San Jose State ikampata Ken Niumatalolo, aliyewahi kufundisha timu ya Navy.

Yote haya yalifanyika Januari hiyo hiyo. Vyuo vinne, na mamia ya vijana waliolala na kocha mmoja wakaamka na mwingine.

Nani huumia?

Kocha wa mamilioni atakula vizuri tu. Shida ni kwa kijana wa miaka 18 aliyechagua chuo kwa sababu kocha alikuja hadi sebuleni kwao akaongea na mathe wake. Caleb Downs, aliyeongoza Alabama kwa takoli msimu wake wa kwanza, alihamia Ohio State na msimu uliofuata akabeba taji la kitaifa. Kadyn Proctor alienda Iowa, kisha akarudi Alabama kabla ya kucheza hata mechi moja huko. Hao ni mastaa. Yule wa benchi anaweza kuingia potali na akose chuo cha kumchukua.

Makocha wasaidizi pia hupigwa na baridi. Bosi mpya huja na mbogi yake, na wa zamani wanaanza kutafuta kazi na kuhamisha watoto shule.

Na wewe inakuhusu nini?

Kwenye vyuo vikubwa, pesa za futiboli ndizo husaidia kulipia michezo mingine, riadha ikiwemo. Mkenya Mercy Chelangat alishinda mbio za nyika za NCAA Machi 2021 akiwa Alabama hiyo hiyo.

Kwa hivyo kama wewe ama msee wako mnawinda skolashipu ya michezo huko, uliza mapema: makubaliano ni ya mwaka mmoja ama kozi yote? Nani huamua kama itaendelea kocha akisepa? Kozi unayoitaka iko? Pata majibu kwa maandishi kutoka kwa chuo. Kocha anaweza kukuahidi kwa moyo safi kabisa, kisha simu yake ilie.