Kisu cha Makali Manyoofu: Historia ya Umbo na Tatizo la Jina

Wahenga walinena kwamba mla nyama ni mwenye kisu kikali. Hawakutaja umbo la kisu hicho, kwa kuwa katika lugha yetu aghalabu kazi ndiyo inayokipa chombo jina lake. Mgema ana kotama, mkata majani ana mundu, kinyozi ana wembe. Msemaji hana haja ya kueleza umbo, maana anayeijua kazi analijua na umbo. Tatizo huzuka tunapopokea vifaa vilivyoainishwa kwa umbo huko vilikotoka. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kifaa kimoja cha aina hiyo, yaani kisu cha kukunja chenye makali manyoofu, na kuonyesha jinsi neno moja lisilo sahihi linavyoweza kumfanya mnunuzi apate kisu kisichofaa, na pengine cha hatari.

Kwanza hatuna budi kutaja sehemu za kisu. Bapa lina makali, mgongo na ncha. Katika visu vingi vya jikoni mgongo umenyooka, na makali ndiyo yanayopinda kwenda juu kuikuta ncha. Katika kisu tunachokizungumzia mambo ni kinyume: makali yamenyooka tangu mpinini hadi nchani, na mgongo ndio unaoinama kuyakuta. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "kisu kilichonyooka" hajasema kitu, kwa sababu msomaji hajui kilichonyooka ni kipi. Hata jambia la moja kwa moja lisilopinda lingeweza kuingia katika maelezo hayo.

Chimbuko la visu hivi kama tunavyovijua leo linahusiana sana na mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Mji huo ulisifika kwa visu tangu karne ya 14, hata mshairi Chaucer akautaja katika kazi yake. Mwaka 1624 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria iliyounda chama cha mafundi wa visu wa eneo la Hallamshire, ambamo Sheffield imo. Kunako mwaka 1740 Benjamin Huntsman alivumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu, na mafundi wakapata chuma kilicho sawasawa kote. Kisu cha kukunja chenye kamani mgongoni kikaweza kutengenezwa kwa wingi na kwa maumbo mengi, kila umbo na kazi yake.

Miongoni mwa maumbo hayo limo lile ambalo Waingereza waliliita kwa maneno yenye maana ya "mguu wa kondoo". Maelezo mawili hutolewa kuhusu jina hilo: kwamba bapa linafanana na kwato, na kwamba wafugaji walilitumia kupunguzia kwato za kondoo. Mgongo wake huenda sambamba na makali, kisha huinama ghafula karibu na mwisho, hata ncha ikawa si ya kuchoma. Mabaharia walikipenda kisu hicho. Katika jahazi au meli inayoyumba, mwenye kukata kamba hakuwa katika hatari kubwa ya kujichoma au kumchoma mwenziwe. Na aliweza kuyalaza makali yote juu ya kamba, akapiga mgongo kwa kipande cha mti.

Umbo la pili linaitwa Wharncliffe. Lilitengenezwa na kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield, likapewa jina la Lord Wharncliffe, ambaye nyumba ya ukoo wake ilikuwa Wortley, karibu na mji huo. Bwana huyo alipewa cheo hicho mwaka 1826, kwa hiyo jina la kisu halikutangulia mwaka huo. Hapa mgongo huanza kuinama mapema, na huinama polepole, hata ncha ikawa nyembamba na kali. Makali ni manyoofu vilevile, lakini kisu hiki huchoma.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza anayechagua. Makali manyoofu hugusa ubao kwa urefu wake wote, hufuata rula vizuri, na hunoleka kwa urahisi juu ya kinoo bapa. Yanamfaa fundi viatu, seremala na mwenye kukata kamba au karatasi. Hayamfai mchunaji wa ngozi, ambaye huhitaji makali yenye tumbo. Kwa kazi ndogo za kuchonga na kutia alama, achague ncha kali; kwa chomboni, au palipo na wanafunzi, achague ncha isiyochoma.

Je, tuviiteje? "Kisu cha mguu wa kondoo" ni tafsiri ya taswira, na haimwelezi chochote mkutubi wala mtunza ghala. "Kisu butu" ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa ubutu katika Kiswahili, usipotaja ncha, hueleweka kuwa ni wa makali. Atakayeagiza hivyo ataletewa kisu kisichokata. Yafaa basi tutaje sehemu pamoja na sifa yake: "kisu cha makali manyoofu, ncha butu" kwa aina ya kwanza, na "kisu cha makali manyoofu, ncha kali" kwa ya pili. Jina Wharncliffe, likiwa la mtu, libaki kama lilivyo pale historia au biashara inapolihitaji.

Istilahi hizo ni ndefu kuliko kotama. Lakini kotama ni jina lililokwisha kuzoeleka kwa wagema. Mafundi wetu wakikizoea kisu hiki, watakipa jina lao, na hapo kazi ya mwanaistilahi itakuwa ni kulisikiliza na kuliandika.