Lamu, makaa ya mawe na swali la nani kaulizwa

Wiki hii pale kimbwetani mada ilikuwa moto: mambo mazito kama ya umeme, mwananchi wa kawaida aulizwe nini wakati hajui hata megawati ni mdudu gani? Jamaa mmoja akasema kuuliza wananchi ni kupoteza muda tu. Mimi nasomea ualimu, somo langu ni Historia, kwa hiyo namjibu kwa historia. Twende kwa majirani zetu, Lamu.

Kwanza tuelewane: Kenya haikuwa gizani kwa kukosa makaa ya mawe. Umeme wake mwingi ulishakuwa unatoka kwenye mabwawa na kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa 1981. Lakini mwaka 2014 serikali ikachagua wawekezaji wa kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, si mbali na mji mkongwe wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ungekuwa mtambo wa kwanza wa aina hiyo nchini.

Watu wa Lamu wakaanza kuuliza. Maji ya moto yakirudishwa baharini, samaki watakuwaje? Mikoko je? Majivu yatamwagwa wapi? Ona sasa: hawa hawakusomea megawati, ila bahari wanaijua kuliko mtaalamu yeyote aliyetoka Nairobi.

Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa kibali. Miezi miwili baadaye umoja wa Save Lamu na baadhi ya wakazi wakaenda kwenye baraza linalosikiliza rufaa za mazingira. Kesi ikachukua muda, lakini tarehe 26 Juni 2019 kibali kikafutwa.

Hapa ndipo utamu wenyewe ulipo. Wawekezaji walijitetea kwamba mikutano ilifanyika. Ni kweli ilifanyika! Lakini baraza likasema ile ilikuwa mikutano ya utangulizi, kabla ya tathmini ya athari kukamilika. Watu watatoaje maoni juu ya madhara ambayo hawajaelezwa? Kanuni za Kenya za mwaka 2003 zinataka walau mikutano mitatu ya kuwaeleza wananchi mradi na athari zake, kisha kupokea maoni yao. Na Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Mwezi Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi kule Malindi ikakubaliana na uamuzi ule.

Basi mtu atasema: aa, makaa ya mawe ni machafu, ndiyo maana yakakataliwa, nishati safi haina shida hiyo. Pole pole ndugu yangu! Kule Kinangop palipangwa mradi wa upepo wa megawati 60.8. Wakulima wakalalamikia ardhi na afya zao, mwaka 2015 maandamano yakageuka vurugu hadi mtu akafa, na 2016 mradi ukafungwa. Na Marsabit, kwenye mapangaboi 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, mahakama ilisema mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kihalali. Wafugaji ndio walioipeleka kesi hiyo. Upepo ni safi, sawa, lakini ardhi inayosimamishiwa hizo nguzo ina wenyewe.

Kwa hiyo swali si makaa au upepo peke yake. Swali ni nani kaulizwa, lini, na akiwa ameambiwa nini. Kumwita mtu mkutanoni, ukampa soda na kumsainisha daftari la mahudhurio, huko ni kumpa taarifa, si kumuuliza. Na anayedai kuuliza kunapoteza muda ahesabu mwenyewe: kutoka 2014 mpaka leo Lamu haijatoka hata wati moja ya makaa ya mawe.

Siku nikishika chaki, nikikuta kitabu kimeandika "wananchi walishirikishwa", nitawauliza wanafunzi wangu: walishirikishwa kabla au baada ya uamuzi? Wewe mtaani kwenu mara ya mwisho uliulizwa lini? Karibu utoe maoni.