Deilili: Ua la siku moja, mmea wa miaka mingi

DEILILI ni mmea wa maua unaoweza kuishi bustanini kwa miaka mingi, ingawa kila ua lake hudumu kwa siku moja tu. Jina lake la kisayansi, Hemerocallis, limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya siku na uzuri. Asili yake ni Asia ya Mashariki. Bua moja hubeba matumba mengi yanayofunguka kwa zamu, hivyo kichaka huchanua kwa wiki kadhaa.

Kwa wakazi wa Manyatta, Kaunti ya Embu, suala la kwanza ni uteuzi wa aina. Baadhi ya deilili hupoteza majani na kupumzika wakati wa baridi kali, ilhali nyingine hubaki kijani mwaka mzima. Manyatta iko karibu na Ikweta na haina majira ya baridi kama ya Ulaya. Kwa hivyo aina za kijani ndizo zinazofaa. Zile zinazohitaji baridi huenda zikadhoofika mwaka hadi mwaka, na fedha za mnunuzi zikapotea.

Wakati bora wa kupanda ni mwanzo wa mvua, Machi au Oktoba. Huchaguliwa mahali penye jua kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku. Udongo hulainishwa na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kitako cha mche, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, hufunikwa kwa udongo wa sentimita 2 hadi 3, kwani kikizama mno mmea hukataa kuchanua. Nafasi baina ya miche iwe sentimita 45 hadi 60.

Kwa kuwa boma nyingi za Manyatta ziko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ni vyema safu zikingame mteremko. Mizizi yake minene husaidia kushika udongo usichukuliwe na mvua. Hata hivyo, maji yakituama, kitako huoza.

Baada ya miaka 3 hadi 5, kichaka husongamana na maua hupungua. Hapo hung'olewa, kikagawanywa na kupandwa upya. Kwa njia hiyo, mche mmoja huweza kuzaa ua zima la nyumba, na jirani akapata mbegu.

Tahadhari mbili ni muhimu. Kwanza, deilili ni sumu kwa paka na huharibu figo zao. Pili, ingawa matumba yake huliwa nchini Uchina, isidhaniwe kwamba kila ua linaloitwa lili huliwa. Gloriosa, mmea wa porini wa Afrika Mashariki unaotambaa kwa ncha za majani yake, una sumu kali inayoweza kuua, hasa katika viazi vyake. Asiyeweza kuitofautisha mimea hiyo asiionje.